Jaketi Nne za Kumvusha Mama

Kwenye familia yetu najulikana kwa jambo moja: mimi ni mwoga wa maji. Nimezaliwa kisiwani na kulelewa kwa samaki, lakini sijui kuogelea na sioni aibu kusema. Kaka yangu, anayeuza mabati na misumari mtaa wa Mabatini, alinicheka kila tulipopanda chombo, nami nilimjibu kila mara kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kurudia jambo moja siku zote ndiyo kazi yangu.

Mama alipofariki hospitalini hapa Mwanza, ilibidi tumrudishe kisiwani tukamzike nyumbani. Meli ya abiria inaishia bandari ya Nansio. Kutoka pale bado kuna safari ya gari, halafu mtumbwi hadi kisiwani kwetu. Baba alikataa. Alisema mke wake hatapakiwa na kupakuliwa mara tatu kama gunia la dagaa. Tukodi boti moja ya mashine, itoke Mwanza imfikishe hadi ufukweni kwetu. Ndugu wengine wakatangulia kwa meli. Kwenye boti tungekuwa wanne: baba, kaka, mimi na nahodha.

"Mwacheni mwoga apange safari," kaka alisema, "angalau tutafika."

Nikapanga. Boti ya kwanza niliikataa kwa sababu ilikuwa inavuja hata ikiwa imefungwa, na mwenyewe akanung'unika eti nimekuja kununua au kukodi. Ya pili ilikuwa imara, ina mashine ya nguvu na nyingine ndogo ya akiba. Nikahesabu madumu ya petroli mwenyewe. Nikanunua ndoo mbili za kukombea maji, plagi ya akiba ya mashine, na kamba mpya ya manila. Nikachukua na filimbi yangu ya shuleni. Niliwauliza wavuvi kuhusu upepo, na wote wakasema neno moja: ondokeni alfajiri. Asubuhi ziwa linakuwa limetulia, lakini kuanzia saa tano upepo hugeuka ukatokea ziwani, na hapo mtu anajua amemkosea nani.

Jaketi za kuokolea ndizo zilizonisumbua zaidi. Madukani zipo za rangi nzuri zilizoshonwa na kujazwa sponji ya godoro, ukiingia nazo majini zinakunywa maji kuliko wewe. Nilizozinunua nilizizamisha moja moja kwenye pipa la bafuni, nikazikalia, nikaziacha humo tangu mchana hadi jioni. Nne zikaelea. Nikamvalisha baba ya kwake sebuleni, amesimama mikono juu kama mtoto anayepimwa sare.

"Hii inanibana tumbo," alisema.

"Ikubane tu, baba. Ndiyo kazi yake."

Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, na niliapa moyoni kwamba huyu mzee nitamvusha. Mama alikuwa amekwenda. Baba ndiye niliyebaki naye, naye, kama mimi, hakujua kuogelea.

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye chumba cha maiti tulikuta kibali kimeandikwa jina la mama kimakosa. Tukasubiri mwenye muhuri afike, akafika, akakaa, akaandika upya polepole kama anayechonga jiwe. Tulifika ufukweni saa nne imekaribia. Nahodha alitazama jua, akanitazama mimi.

"Mwalimu, huu sio muda tuliokubaliana. Kama ni kwenda, twende sasa hivi."

Nilijua jibu. Jibu lilikuwa turudi nyumbani, twende kesho. Lakini kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kwetu kaburi likichimbwa halilali wazi. Simu kutoka kisiwani zilikuwa haziishi. Nikasema twende.

Tukashusha jeneza ndani ya boti, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Boti ya mbao, hata iwe nzima namna gani, huwa na maji kidogo chini. Jeneza tulikuwa tumelivika kitambaa cheupe. Na watu wa kwetu wakipokea jeneza ufukweni, kabla ya kulia hulitazama upande wa chini. Likiwa limelowa, maneno yake hayaishi: watoto wana kazi mjini, wana maduka, wakamleta mama yao kama samaki. Kuna familia kule inasemwa hadi leo. Tulitafuta mbao za kuinulia, hazikuwepo. Nikasema tutumie madumu, nahodha akakataa, yangeteleza.

Baba alikuwa amekwisha kuvaa jaketi yake. Akafungua vifungo vyake, kimoja kimoja, akaivua na kuilaza chini ya boti.

"Leteni na zenu. Mama yenu atalalia hizi."

"Baba, hizo ni za kuvaa."

"Nimevuka ziwa hili miaka sabini bila kitu hicho. Yeye ndiye wa kutunzwa leo."

Nilimtazama kaka nikitegemea anisaidie. Akaninong'oneza, "Leo ndiyo siku ya kumbishia baba?" Akavua yake. Nahodha naye akatoa yake; marehemu si wake na mzee si wake, hakuwa na haki ya kubisha. Nilibaki mimi. Nilikuwa na hasira, nakumbuka, hasira ya mtu anayejua. Lakini baba alikuwa amenyoosha mkono kuipokea, na macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nikampa. Kisha, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kufunga vitu vikafungika, nikapiga magoti nikazifunga zote nne chini ya jeneza kwa ile kamba mpya. Nilikaza kila fundo mara mbili.

Upepo uligeuka kisiwa chetu kikiwa kinaonekana. Sitasimulia mengi. Mawimbi yalianza kutupiga ubavuni, tukakomba kwa ndoo zote mbili, mashine ikazima. Nahodha akaikimbilia ile ndogo. Kabla haijawaka boti ililala upande, jeneza likateleza, na uzito wake ukaipindua boti. Nilipopata pumzi nilikuwa nimeshika pembe ya jeneza. Lilikuwa linaelea. Baba alishika upande wa pili. Kaka na nahodha walikuwa wameng'ang'ania boti iliyopinduka, na kila wimbi lilikuwa linawapeleka mbali nasi.

Niliingiza mkono chini nikatafuta mafundo. Kamba ilikuwa imelowa na kukaza, na mimi nilikuwa nimeifunga vizuri. Nilivunja kucha. Hakuna fundo lililolegea. Jeneza lilianza kushuka kwa uzito wetu, maji yakapanda juu ya kitambaa.

Wavuvi waliotuona kutoka ufukweni walitufikia baada ya muda ambao siwezi kuukadiria. Walituokoa watatu. Mama alizikwa jioni ile ile, na wanakijiji walisema tumejitahidi. Baba alipatikana siku ya tatu, kwenye matete.

Kaka aliniuliza baba alisema nini mwishoni, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye. Nikamwambia alisali. Shangazi zetu waliipokea habari hiyo kwa shukrani, na mchungaji akaisema kanisani. Kaka hanicheki tena nikikataa kupanda chombo. Ananishika bega tu, na ningependa anicheke.

Hakusali. Alinitazama kutoka upande wa pili wa jeneza, akasema, "Mwanangu, tunamzamisha mama yako." Nikamwambia ashike tu. Akasema, "Mfikishe wewe." Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kitambaa, karibu kabisa na vyangu, na havikuachia mara moja. Alikawia. Nilikuwa na nafasi ya kumshika kwa mkono mmoja. Nilishika jeneza kwa yote miwili.