Hibaq wa Stoo ya Vielelezo

Hibaq Nuh alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Alisimama, akagonga kwa kifundo cha kidole, akangoja kidogo, ndipo akatia ufunguo. Ndani hapakuwa na mtu. Kila aliyekaa pale kituo cha polisi alijua hapakuwa na mtu, na ndiyo sababu walimshuku. Koplo Kiema, aliyekuwa jirani ya mdogo wangu, aliapa kwamba ile ilikuwa ishara.

"Anamwambia nani kwamba amefika?" aliniuliza siku moja, akinikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyejificha mle.

Nilipomuuliza Hibaq mwenyewe, alicheka. "Kwetu Islii tulilala ukoo mzima chumba kimoja, mwalimu. Ukiingia bila hodi unamkuta shangazi anavaa." Lilikuwa jibu zuri. Lakini mwaka ule majibu mazuri ndiyo yaliyotutia wasiwasi zaidi.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, miezi michache baada ya mlipuko wa Agosti kule mjini. Askari wengi wa Eastlands walikuwa wamepelekwa kufukua kifusi, na waliporudi hawakuwa watu wale wale. Wengine walizamia pombe, wengine wakawa wakali kwa wake zao, wengine wakanyamaza tu. Shirika moja likamleta Hibaq kwenye kituo hicho, ambacho sitakitaja, awe akiwasikiliza. Alikuwa na shahada ya saikolojia. Laini ya polisi, yaani nyumba za askari pale kituoni, haikuwa na haja na neno hilo. Wao walimwita Daktari wa Vichwa.

Akapewa chumba kilichokuwa stoo ya vielelezo, mahali pa kuweka ushahidi hadi kesi zisikizwe: baiskeli za wizi, mapanga, mitungi ya pombe ya chang'aa. Vitu vilihamishwa, harufu ya chang'aa ikabaki. Baina ya chumba hicho na ukumbi palikuwa na ukuta wa plaiwudi, na chini ya ukuta huo benchi.

Sikulaumu hofu yao. Hakuna anayejua kuliko polisi yanayoweza kuyapata maneno ya mtu aliyeketishwa kwenye kiti akaulizwa maswali kwa upole. Wao wenyewe ndio huuliza. Na sasa aliyekuwa akiuliza alikuwa mwanamke Msomali, mwenye mtandio, katika mwaka ambao wao walikuwa wakipekua nyumba za Islii mlango kwa mlango.

Kwao Hibaq nako hakukuwa na afueni. Jumamosi moja nilikuwa soko la mbuzi la Kiamaiko nikinunua matumbo, nikamkuta akizozana na kaka yake Yonis, mchuuzi wa mbuzi, mbele ya watu.

"Mchana wanatupiga mateke, jioni wewe unawabembeleza," Yonis alisema, kamba ya mbuzi mkononi. "Wanakupa nini? Ama wewe ndiye unayewapa?"

"Ninawapa masikio tu."

"Masikio ya nani? Yako au yetu?"

Hibaq alivuta mtandio, akaondoka. Nilirudi nyumbani na matumbo yangu nikiwaza kwamba swali la Yonis na swali la Kiema lilikuwa swali moja, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amejibiwa.

Mimi kilichonihusu ni Mumo, mdogo wangu, konstebo. Tangu Agosti hakuweza kuingia jengo lenye ngazi. Nilikuwa nimepanga katika mojawapo ya zile nyumba za ghorofa zilizokuwa zimeanza kuota mtaa wa Kware, na Mumo akija kunitembelea alisimama chini barabarani akiniita kwa jina, "Nthoki! Nthoki wee!" mpaka nishuke. Watoto wa ploti walimgeuza mchezo. "Karao anaogopa ngazi!" waliimba. Yeye alitabasamu, akakwangua kucha zake kama anayetoa vumbi.

Usiku alikesha ameketi. Nilijua kwa sababu Kavata mkewe alijua, na Koplo Kiema alijua pia, kwa kuwa nyumba zao zilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka la maua. Kiema akikohoa, mtoto wa Mumo aliamka. Nusu ya chumba, lakini ilikuwa ya serikali, na iliambatana na kazi. Kavata alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili. Kama kazi ya Mumo ingekwenda, wao wangetoka na godoro lao siku iyo hiyo.

Kwa hiyo mkuu wa kituo, Inspekta Okoth, alipoamuru kila aliyekuwa mjini Agosti aende kwa Hibaq, Mumo alikuja kwangu badala ya kwenda.

"Mtu akiingia mle anatoka mwendawazimu," alisema. "Ananyang'anywa bunduki. Polisi bila bunduki ni bawabu."

"Nitakwenda nawe."

"Ufanye nini?"

"Nikae kwenye benchi. Nisikie anavyokuuliza."

Hilo lilimtuliza. Siku ya Alhamisi, baada ya masomo, tukaenda. Kiema alikuwa ukumbini akipiga viatu rangi. "Niaje, mwalimu! Umempeleka mtoto kliniki? Mwambie nesi asimdunge sindano ya kichwa." Mumo hakucheka. Hibaq akafika, akabisha mlango wake, akangoja, akafungua. Wakaingia.

Niliketi nimeegemeza kichwa kwenye plaiwudi. Kwa muda mrefu sikusikia kitu. Yule mwanamke alikuwa na sauti ndogo, na Mumo alinong'ona kama aliye kanisani. Nilianza kuona ajabu: mtu aliyeninyima maneno mimi, dada yake, anampa huyu. Kisha sauti ya Hibaq ikapanda kidogo, kama ya mtu anayesimama kutoka kitini.

"Afande, kwa maoni yangu wewe unahitaji kupumzika. Nitazungumza na mkuu wako."

Mlango ukafunguliwa. Uso wa Mumo ulikuwa na rangi ya jivu. Alinipita, nikamfuata hadi uani.

"Nimepumzishwa," alisema.

Mtu asiyeishi na polisi wala makarani hataelewa. Miaka hiyo serikali ilikuwa ikipunguza watu wake, na kwa ustaarabu hakuna aliyesema fulani amefutwa. Ilisemwa amepumzishwa. Aliyepumzishwa alirudisha sare, mkanda na ufunguo wa nyumba. Neno hilo lilipotajwa katika laini, wanawake waliacha kufua.

"Umesikia mwenyewe," Mumo alisema. "Atazungumza na mkuu." Akaondoka kuelekea getini. Nilidhani amekwenda kupunga hewa.

Jumamosi asubuhi Kavata alipanda ngazi zangu akihema, mkono kiunoni. Mumo hakuwa amerudi. Sare ilikuwa imekunjwa juu ya kitanda vizuri, kama ya maiti, alisema, kisha akajutia neno hilo. Ijumaa Kiema alikuwa amemfichia siri, akadai Mumo ana homa. Lakini Jumatatu Inspekta angekagua gwaride mwenyewe, na askari asiyekuwapo bila ruhusa angeandikwa mtoro. Mtoro hana cha kujitetea. Nyumba ingechukuliwa kabla ya jua kutua.

Nilimfuata Hibaq Kiamaiko, nikamkuta nyuma ya banda la kaka yake. Sikumsalimu.

"Umemfuta kazi mdogo wangu."

"Mimi?" Alinitazama kwa mshangao uliokuwa wa kweli au uliofanyiwa mazoezi, sikuweza kutofautisha. "Mwalimu, mimi sina uwezo wa kumfuta hata mfagiaji."

"Nilikusikia. Ulimwambia apumzike."

"Alikuwa hajalala vizuri tangu Agosti. Ungemwambia nini wewe?"

"Polisi haambiwi apumzike. Polisi *hupumzishwa*."

Nilimwona akilirudia neno kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akaketi juu ya debe lililopinduliwa, palipokuwa na damu ya mbuzi, na vazi lake likashika damu. "Yaa Rabi," alisema. "Na mimi nikasema nitazungumza na mkuu." Yonis alikuwa akisikiliza. "Umeona?" alimwambia. "Huijui hata lugha yao." Hibaq alinigeukia. Aliniuliza, "Mumo akiwa mtoto, alipochapwa, alikimbilia wapi?"

Sikutaka kumwambia. Nasema wazi kwamba nilisita, nikifikiri: huyu akijua alipo, kesho Inspekta atajua. Lakini Jumatatu ilikuwa karibu kuliko shaka zangu. "Kwa wachongaji," nilisema. "Kwa mjomba Ndete."

Mjomba Ndete alikuwa na kibanda cha uchongaji Shauri Moyo, yeye na Wakamba wenzake, wakichonga twiga na vifaru vya watalii. Tulimkuta Mumo ameketi katikati ya vumbi la mbao, twiga mapajani, akimpiga msasa shingoni taratibu. Alimwona Hibaq, mkono ukasimama.

"Umeleta barua?" alimuuliza.

"Sina barua. Nimekuja kuchukua neno langu. Nililitoa vibaya."

Mjomba aliinua macho. "Mama, hapa tunauza wanyama tu. Neno gani?"

"Nilimwambia apumzike, mzee. Nilitaka kusema alale. Asinzie. Afumbe macho kama binadamu. Kazi yake sijaigusa, na sijazungumza na mtu."

Mumo alimtazama kwa jicho ninalolijua, jicho la polisi barabarani anapopewa leseni iliyo safi kupita kiasi. "Sasa utazungumza na mkuu?"

"Wewe unatakaje?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu ajiunge na kazi. Aliangalia twiga. Nikasogea ili nisikie jibu, Hibaq akanigeukia. "Mwalimu, hebu mpe mjomba habari za Kware." Lilikuwa agizo, ingawa lilivaa adabu. Wakaenda wawili nyuma ya rundo la magogo. Niliona migongo yao tu. Walikaa huko mpaka mjomba akamaliza pembe za kifaru na kuanza masikio, nami nikiwa nimeumwa na wivu na hofu kwa pamoja.

Jumatatu Mumo alikuwa kwenye gwaride, kola imepigwa pasi na Kavata. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni nimsindikize. Baada ya gwaride Inspekta Okoth alimwita Hibaq ofisini, sisi tukabaki koridoni. Okoth alikuwa na sauti ya uwanjani, mlango haukuizuia.

"Madam, mimi nataka kitu kimoja. Huyu apewe bunduki ama asipewe? Na anaona nini huko kichwani? Nieleze yote."

Sauti ya Hibaq haikusikika. Kisha, na hili ndilo lililonikaa kooni kwa muda mrefu, wote wawili wakacheka. Mumo aliinamia viatu vyake.

Okoth alitoka. "Konstebo! Kuanzia leo uko stoo ya sare. Utagawa viatu na makoti mpaka nitakaposema. Bunduki ikae. Nyumba yako ukae nayo." Akapiga hatua, akageuka. "Na kule stoo hakuna ngazi. Sawa?"

"Ndiyo, afande!"

Kavata alipoambiwa alilia kwa furaha. Kiema, upande wa pili wa shuka, alikuwa na lake. "Ngazi! Nani alimwambia bosi mambo ya ngazi? Ndugu yangu, umeuzwa, tena kwa kicheko."

Na mimi niliyawaza hayo hayo. Inspekta angeweza kusikia kwa Kiema mwenyewe, aliyesikia kila kitu. Angeweza kusikia kwa wale watoto wa Kware na wimbo wao. Angeweza kusikia kwa Hibaq. Nilimuuliza Mumo wakati akigawa makoti, akasema, "Sijui. Siulizi." Alikuwa ameanza kulala, saa chache, ameketi bado, lakini analala. Nilitaka hilo linitoshe.

Halikunitosha. Mapema mwaka uliofuata shirika lilimaliza mradi wake, na stoo ya vielelezo ikadaiwa na wenyewe. Baiskeli zilikuwa zimeanza kurundikwa ukumbini. Nilikwenda siku ile nikamkuta Hibaq akibeba viti vyake viwili hadi kwenye mkokoteni. Askari walimpita bila kumsaidia. Wawili watatu walimwambia "Madam" kwa sauti ya chini, macho pembeni, na sikujua kama ni shukrani au tahadhari. Nilishika mguu mmoja wa kiti, tukakiinua pamoja.

"Mumo anaendeleaje?" aliuliza.

"Mtoto wa pili amezaliwa. Wako pale pale, kwenye nusu yao."

"Alhamdulillahi."

Akafunga viti kwa kamba. Nilijua nisipouliza pale, ningekufa na swali. Nikamuuliza kile alichomwambia Inspekta ndani ya ofisi ile, kuhusu ngazi na kuhusu mengine, na kwa nini walicheka.

Alikaza fundo, akalijaribu kwa kidole. Kisha akanitazama bila hasira, kama mtu aliyezoea kuulizwa.

"Mwalimu," alisema, "siku nitakayokueleza wewe yaliyosemwa mle ndani, siku hiyo ujue na Inspekta nilimweleza ya Mumo."