Tanga la Magunia Manne

"Hutafika popote," aliniambia Bibi Anastazia, jirani yetu wa Lipangalala, huku akinipa gunia lake la mpunga. "Na gunia langu ulirudishe." Majirani wengine watatu walinikopesha magunia yao kwa maneno hayohayo. Wote walijua mtumbwi wa kwetu huendeshwa kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, si kwa tanga.

Juzi, nikiwa matembezini Mwanza, nilipanda jahazi ziwani. Tanga lilipojaa upepo, nilikumbuka harufu ile ya katani na pumba. Abiria wenzangu walishangaa nilipowaambia kuwa tanga si geni kwangu. Mimi nilikuwa nahodha kabla ya ndevu, na kabla ya stashahada niliyorudi nayo nyumbani Ifakara.

Aliyenifundisha kushona tanga utotoni ni Masanja, rafiki yangu ambaye wazazi wake walihamia kwetu na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Mafuriko yalikuwa yamefunika majaruba, nami nikadhani ndilo ziwa lake.

"Upondo uko wapi?" aliuliza tukiwa tumeshaondoka.

"Nimeuacha. Si tuna tanga?"

Niliamini upepo uliotupeleka ndio ungeturudisha. Tulifika Katindiuka tukiimba, kisha tukasukuma mtumbwi kurudi, maji kifuani, mpaka jioni.

"Nahodha, geuza upepo basi!" Masanja alinicheka. Alitaka tulitupe tanga, maana lililowa likawa zito. Nilikataa kabisa.

Kesho yake nilifumua mishono, nikafua magunia, nikayarudisha yote manne. Bibi Anastazia alilinusa lake.

"Linanuka kambare."

"Ndiyo, bibi. Limefika Katindiuka."