Faini za Ijumaa na Jumapili

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Scholastika Mrope anaketi kwenye kibaraza cha yadi ya malori ya Mzee Adinani, Nachingwea, akiwa na simu, daftari kubwa na funguo sita zilizoning'inia kwenye misumari. Anaingiza namba za magari moja baada ya jingine kwenye mfumo wa polisi kuona kama kuna faini mpya. Ikiwepo, analipa kwa simu palepale, anaandika daftarini, ndipo ufunguo unatoka. Fuso lenye deni la faini likisimamishwa barabarani linaweza kuzuiliwa hadi jioni, na msimu wa korosho haumsubiri mtu. Vyama vya msingi vya Mbekenyera na Matambarale vinataka magunia yao yafike ghalani kabla ya mvua.

Madereva wanamwita Afande. Ana miaka arobaini na mitatu, hajawahi kuendesha hata baiskeli, na ana sheria moja ambayo hakuitunga yeye. Ni ya Mzee Adinani: dereva akifikisha faini tatu katika msimu mmoja, anakabidhi ufunguo na kwenda nyumbani.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, Yasini, dereva wa gari namba nne, alikuja kuchukua ufunguo wake.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Leo hupati."

"Acha utani, dada Skola. Mbekenyera wameshaanza kupanga magunia."

"Tochi ya trafiki ya jana, njia ya Ruangwa. Saa saba na dakika kumi mchana. Sabini na moja penye hamsini." Akamgeuzia daftari. "Ya tatu hii, kaka."

Yasini akatazama ukurasa wake. Ana watoto wanne, na kuendesha gari lile ndiyo kazi pekee aliyoifanya tangu aache kulima.

"Jana Ijumaa," akasema.

"Najua."

"Saa saba na dakika kumi nilikuwa msikitini Mbekenyera."

"Na gari?"

Yasini akamgeuzia daftari lake. Hatua chache kutoka pale, Fortunatus, dereva wa gari namba tano, alikuwa anamimina maji kwenye rejeta. Maji yalishafurika na kumwagikia viatu vyake, naye aliendelea kumimina.

Scholastika akafunua ukurasa wa Fortunatus. Ulikuwa na faini mbili. Ya pili ilikuwa ya Jumapili iliyotangulia, saa tatu na nusu asubuhi, Ruangwa. Aliilipa Jumatatu yake na kuiandika bila kufikiri. Sasa alifikiri.

"Fortu, njoo. Jumapili saa tatu na nusu ulikuwa unaimba kwaya. Nilikaa benchi la tatu, nilikusikia ukipotea kwenye wimbo wa matoleo. Gari lako lilikwenda Ruangwa peke yake?"

Madereva wengine wakacheka. Fortunatus akaweka ndoo chini.

"Ya jana ni yangu," alisema. "Niandikie mimi."

Hapo ndipo jambo zima lilipotoka. Siku ya Ijumaa, wakati wa swala, dereva Mkristo ambaye gari lake liko kwenye foleni ya kupakia au kushusha hushika usukani wa mwenzake Mwislamu. Jumapili wanageuza. Walianza misimu mitatu iliyopita na hawakumwambia mtu, kwa sababu Mzee Adinani hataki gari libadilishe mikono. Na kwa kuwa ni siri, anayeazimwa gari hulikimbiza ili alirudishe kabla mwenzake hajatoka kusali. Mtu akipigwa tochi, mwenye gari ananyamaza. Hamtaji aliyemshikia usukani akasali.

"Kwa hiyo ya Jumapili ni ya nani?" aliuliza Scholastika.

"Yangu," alisema Yasini. "Andika."

Scholastika akafuta, akaandika. Ya Ijumaa ikaenda kwa Fortunatus, ya Jumapili ikaja kwa Yasini. Akahesabu. Yasini alikuwa bado na tatu.

"Afande, umehangaika bure!" dereva mmoja akapaza sauti, na safari hii hakuna aliyecheka.

Scholastika hakufunga daftari. Alirudi nyuma hadi msimu uliopita, kwenye ukurasa wa Gabrieli, dereva aliyefukuzwa, alioupiga mstari kwa mkono wake mwenyewe. Akatazama tarehe ya faini ya tatu, akaihakikisha kwenye kalenda ya simu. Kisha akampigia Mzee Adinani.

"Magari yametoka?" mzee aliuliza kabla ya salamu.

"Bado, mzee. Gari namba nne halina dereva." Akamweleza yote bila kupamba.

"Tatu ni tatu," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee. Na tatu ya Gabrieli mwaka jana ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi. Gabrieli hajawahi kukosa Misa. Tulimfukuza kwa faini ya mtu mwingine."

"Mbona hakusema?"

"Yasini naye asingesema."

Mzee alikohoa. "Kuanzia leo andika jina la aliyeshika usukani, siyo namba ya gari. Wabadilishane mbele yako, wasikimbizane. Hesabu ianze upya kwa wote. Na huyo Gabrieli mtafute."

Scholastika akatoa ufunguo wa nne kwenye msumari na kumpa Yasini. Magari yote sita yalitoka saa moja kasorobo, yakiwa yamechelewa.

Kibaraza kilipotulia alimpigia Gabrieli, ambaye sasa analima ufuta Matambarale. Alimweleza kosa, akamwambia nafasi yake ipo akiitaka.

"Dada Skola," Gabrieli alisema, "kila Jumapili ulikuwa unanipa mkono wa amani pale kanisani. Ungeniuliza tu."

Aliomba siku mbili za kufikiri. Scholastika akachukua rula, akafungua ukurasa mpya na kuanza kuchora safu ya majina.