Orodha Niliyomchapishia Baba Yako

Nakumbuka Jumamosi moja mjini Nyeri, mwanangu, nilipompoteza mtu njia huku nikiamini kabisa kwamba ninamwonyesha. Mtu huyo ni baba yako.

Kaa hapo karibu na dirisha umalize chai. Umetoka Mwea alfajiri, umefika hapa Gatitu na orodha tano za vyuo bora ndani ya simu, na unataka shangazi yako akwambie chuo kipi ni bora kati ya hivi viwili vinavyofundisha uhandisi wa ujenzi, kwa sababu maombi yanafungwa Ijumaa. Nimevaa miwani nikazisoma. Nimevua miwani nikazisoma tena. Orodha ya kwanza imekiweka chuo kimoja cha pili na kingine cha kumi na mbili. Ya pili imevigeuza. Ya tatu haina hata kimoja, kana kwamba vimefungwa juzi tu na sisi hatukuambiwa. Hizo mbili za mwisho sitazisema, maana ndizo zilizonivuruga zaidi. Kichwa kinaniuma, na jibu sina.

Nakuita mwanangu, ingawa kwa desturi yetu wewe ni mama yangu, maana umepewa jina lake. Ndiyo sababu siwezi kukudanganya. Nitaona haya mara mbili.

Usinicheke nikijiita mzee. Mvi zangu bado unaweza kuzihesabu, lakini yako mambo ambayo mtu akishayatenda hukoma kuwa kijana siku hiyohiyo, na langu nililitenda nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nafanya kazi katika saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, juu ya ngazi, kule karibu na soko. Siku hizo kompyuta ilikuwa bado kitu cha kushangaza kwa wazazi wetu. Baba mzima na kofia yake alikuwa akisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akinitazama ninavyobonyeza, kisha akisema, "Huyu msichana ameenda shule." Mimi nami nilivimba. Pale nyumbani ni mimi tu niliyejua kufungua intaneti, na aliyejua kuifungua alidhaniwa anajua kila kilichomo. Nami nilidhani hivyohivyo.

Baba yako alikuwa amepita vizuri mtihani wa kidato cha nne. Akaitwa katika chuo kimoja kisicho mbali na hapa kusomea uhandisi wa ujenzi, ndoto yake tangu akiwa mtoto wa kuchimba vijifereji kwenye matope ya shamba. Tulifurahi, tukaomba, mama akachinja kuku. Halafu mimi, kwa kujua kwangu, nikaipata ile orodha ya vyuo. Chuo alichoitiwa kilikuwa cha kumi na tisa. Kilichoshika nambari ya tatu nacho kilikuwa na uhandisi, na wanafunzi walikuwa wamepewa wiki moja ya kuomba kuhama chuo. Nikaichapisha orodha ile. Nakala nyingine nikaibandika ukutani pale saiba, na wazazi wakaanza kuja kuisoma kama tangazo la serikali. Orodha yenyewe ilikuwa na kurasa nne. Nilichapisha tatu. Ule wa mwisho ulikuwa na maelezo mengi ya herufi ndogo, nikaona ni kupoteza wino bure.

Sasa usione nilikuwa mjinga peke yangu. Sisi watu wa kahawa tumelelewa na madaraja. Punje kubwa ni AA, inayofuata ni AB, zile ndogo za mviringo ni PB, na mkulima akisikia amepata AA hutembea kifua mbele mpaka kanisani. Tunajua kwamba nyuma ya kila daraja kuna mtu aliyeishika kahawa kwa mikono yake. Kwa hiyo nilipoona vyuo vimepangwa moja, mbili, tatu, sikuuliza lolote. Nilidhani kuna watu waliozunguka madarasani, wakawasikiliza walimu, wakafungua milango ya maabara. Nilidhani hivyo bila hata kujua kwamba ninadhani.

Jumamosi hiyo niliwapelekea karatasi nyumbani. Babu yako alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kinu cha kahawa, upande wa kuchekecha. Aliishika ile karatasi mbali na macho, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Hii imepangwa na nani?" akauliza.

"Na wataalamu, Baba."

"Walienda huko kwa hizo shule?"

"Sijui. Lakini iko kwa intaneti."

Akatikisa kichwa polepole. Babu yako hakuwa mtu wa kelele. "Sikia, Wanjirũ. Mimi nimechekecha kahawa tangu mkiwa watoto. AA inaniambia punje ni kubwa, basi. Chekeche haina ulimi. Nimeona AA iko na harufu ya gunia, na nimeona PB watu wanaipigia makofi. Hakuna mtu anajua kahawa mpaka ionjwe. Sasa hii shule nambari tatu, nani ameonja?"

Unajua nilimjibu nini? Mpaka leo naona aibu kulisema. Nilimwambia, "Baba, haya ni mambo ya kompyuta, si mambo ya kahawa." Nikaona mama ameweka kijiko chini. Babu yako hakukasirika. Alikunja karatasi, akamrudishia baba yako, akasema, "Ni sawa. Lakini utafute mtu mmoja amesoma hiyo kozi hapo akamaliza, umuulize." Nikacheka kidogo, maana nilikuwa nimeshaona kwamba kozi ile ilikuwa imeanzishwa mwaka uliotangulia, na hakuna mtu aliyekuwa ameimaliza. Badala ya kushtuka, nikasema afadhali, mitambo itakuwa mipya.

Baba yako akanifuata hadi nje, kwenye miti ya kahawa. Alikuwa na miaka kumi na tisa na shingo nyembamba kama ya jogoo mchanga. Akaniuliza, "Sista, wewe ndio unajua hii mambo. Nikihama ni sawa?"

Nikamwambia, "Hama."

Neno moja tu, mwanangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakunionya kwamba guu laweza kuwa la mwingine. Akahama. Akasoma miaka mitano, akasoma kwa bidii, na sisi sote tulikwenda kwenye mahafali tukiwa tumevaa vizuri. Kisha akapeleka makaratasi yake kwenye bodi inayowasajili wahandisi. Wakamwambia kwamba kozi ile, kwa miaka aliyoisoma yeye, bodi haikuwa imeikubali. Shahada anayo, ila hawezi kusajiliwa nayo. Baadaye kozi ilirekebishwa ikakubaliwa, lakini kwa walioingia nyuma yake. Na kile chuo cha kumi na tisa alichokiacha? Uhandisi wake ulikuwa umekubaliwa na bodi zamani sana.

Alikuja saiba siku hiyo, akasimama mlangoni. Nilitamani apige kelele. Nilitamani hata anitukane mbele ya wateja. Akaniuliza tu, "Kwani hiyo list haikuwa imesema?"

Alipoondoka nilifungua kompyuta nikaitafuta ile orodha. Ilikuwa bado ipo, na ukurasa wa nne nao ulikuwa bado upo. Nikausoma, nikarudia, nikarudia tena. Wenyewe hawakuwa wameficha kitu. Walikuwa wameandika wazi kabisa kwamba wanachopima ni tovuti za vyuo: ukubwa wake, na jinsi tovuti nyingine zinavyozitaja. Basi. Hakuna darasa lililoingiwa, hakuna mwalimu aliyesikilizwa, hakuna bodi iliyoulizwa. Nilikuwa nimempeleka ndugu yangu kwenye chuo chenye kurasa nyingi za intaneti. Nililia hadi mwenye saiba akanifungulia mlango wa nyuma nikapate hewa.

Ndiyo maana baba yako, unayemwona kila siku kwenye mifereji ya mpunga na buti zake, huchora mwenyewe mipango ya maji, kisha huipeleka kwa mwenzake waliyekaa naye dawati moja sekondari, mhandisi aliyesajiliwa, ili huyo atie sahihi. Wewe umekua ukidhani ndivyo kazi ilivyo. Sivyo ilivyo. Ni mimi.

Ngoja, usiseme kitu bado. Ukidhani sasa nitakwambia orodha zote ni uongo uzifute, hapo ndipo nilipochanganyikiwa mara ya pili. Kwa uchungu wangu niliapa kutoziamini tena. Mtoto wa jirani akaja kuniuliza, nikamwambia, "Usiangalie hata moja." Akaenda chuo kilichokuwa chini kabisa karibu katika kila orodha. Akakuta maabara imefungwa kufuli na walimu wanaonekana kama mwezi mwandamo. Safari hiyo orodha zilikuwa na haki, na mimi ndiye niliyekosea tena. Sasa nikuambie nini? Niliziamini nikaumiza mtu, nikazikataa nikaumiza mwingine.

Nilichoweza kukiokota katika haya yote ni kidogo, lakini nakupa chote. Mwamba ngoma huvutia kwake. Orodha moja hupima utafiti, nyingine huwauliza waajiri wanaonaje, nyingine huhesabu wageni waliotoka nje ya nchi, nyingine tovuti, na kila moja hujiita orodha ya vyuo bora. Kwa hiyo usiulize chuo ni cha ngapi kabla hujauliza ni cha ngapi kwa kipimo gani, na kipimo hicho kinakuhusu nini wewe unayetaka kujenga mifereji. Anza kusoma mwishoni, kwenye zile herufi ndogo. Ukiona chuo kimepanda ghafla mwaka mmoja, uliza kilichobadilika ni chuo au ni kipimo. Na ukiona chuo kiko chini kila mahali, kwa kila kipimo, usijitie upofu kwa ajili ya ukaidi wa shangazi yako.

Lakini orodha haisomi kozi kwa niaba yako. Huendi kusoma chuo kizima, unakwenda kusoma uhandisi wa ujenzi. Kabla ya Ijumaa tutatazama kama bodi imeikubali kozi hiyo, kwa jina lake kamili, si jina la chuo. Kisha tutatafuta watu wawili walioimaliza, mmoja anayeisifu na mmoja anayeilalamikia, maana anayesifu tu huenda ametumwa. Tutawauliza kama walimu huingia darasani, kama walishika vifaa kwa mikono yao au waliviona kwenye picha, na kama wamesajiliwa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu, wa kujibu kabla ya kuuliza.

Na hata tukifanya hayo yote, mwanangu, huenda bado tusijue. Nimefika umri wa kukubali hilo. Ila tutakuwa tumekosa tukiwa na macho wazi, na chaguo litakuwa lako. Safari hii hakuna mtu wa kukwambia neno moja nje kwenye kahawa.

Jana usiku baba yako aliponipigia kusema unakuja, usingizi uliniruka. Asubuhi nikampigia tena. Nikamwuliza, "Mureithi, watu wote waliosoma wamejaa huko Kirinyaga, na ukamtuma mtoto kwangu? Kwangu mimi?" Nikasikia maji yakipita kwenye mfereji. Kisha akasema, "Sasa ningemtuma kwa nani? Hao wengine watamjibu haraka. Wewe ndio unaogopa kukosea."

Miaka yote hii nilidhani hajakwambia jambo hili kwa sababu ya hasira. Kumbe alikuwa anangoja nikwambie mwenyewe, siku utakapokuwa na haja nalo.

Basi maliza chai yako, mama yangu, twende tukaulize. Mwenyezi Mungu akufungulie mlango ulio wako, hata kama hauna nambari nzuri. Akupe walimu wanaofika na marafiki wasiokusifu ovyo. Akupe mikono ya kufanya kazi na jina la kuitia sahihi. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe ndugu kama huyu aliyenipa mimi. Thaai, amani iwe nawe.