Bi Mkasi na mlima wa nukta milioni tisa

Saa tatu asubuhi, mlima mzima umekwama kwenye kioo cha kompyuta. Nusu yake imejitokeza, nusu ni weupe mtupu, na feni ya mashine inavuma utadhani inasaga mahindi. Mwanamke aliyekaa mbele yake hagusi kitu. Amekunja mikono, anaisikiliza.

"Ukibonyeza sasa unaizidishia mzigo," ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kumtazama akifanya kazi. "Iache ihangaike. Ikichoka tutazungumza."

Ofisini wanamwita Bi Mkasi. Ni mchoraji wa ramani za ujenzi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Michoro inayozilemea kompyuta za ofisi huletwa kwake, naye huipunguza mpaka ibebeke.

Wa leo ni sura ya mlima ulio nyuma ya hospitali. Droni iliupiga picha, zikatoka nukta milioni tisa, na kompyuta huziunganisha tatu tatu kuwa pembetatu mpaka ardhi yote ifunikwe. Kuufungua tu ni dakika arobaini. Mhandisi anautaka saa sita, maana mashine ya kuchimba mtaro wa maji ipo hospitalini leo tu. Kesho inahamia kwingine, na mvua ziko mlangoni.

"Aliniambia nibonyeze amri ya kupunguza, programu ifanye yenyewe," anasema. "Nikamwambia, kaka, mimi na hiyo amri tunajuana."

Wanajuana kweli. Miaka sita iliyopita aliibonyeza, kwa mlima huu huu. Programu ikaondoa nukta sawasawa kila mahali, kompyuta ikawa nyepesi, kila mtu akafurahi. Kumbe zimeondoka na nukta za kijikorongo kisichozidi upana wa mlango. Mtaro ukachimbwa pasipopita maji, na mvua ya kwanza ikaingia wodi ya wazazi hadi magotini. Hakuna aliyekufa, lakini wanawake waliotoka kujifungua walitolewa kwa kubebwa.

Mmoja wa waliobeba ni mkunga wa wodi hiyo, dada wa mume wake Bi Mkasi.

"Wifi yangu ana mkono mwepesi," mkunga ananiambia kwa simu. "Yeye alifuta korongo, mimi nikabeba watu. Mgongo wangu bado unamkumbuka."

Namsimulia Bi Mkasi maneno hayo. Hacheki. "Iliniuma. Mpaka leo inaniuma."

Tangu hapo hakati mlima ambao hajautembea. Huu aliupanda juzi kwa miguu, daftari mkononi, akiandika kila mahali ardhi inapovunjika. Leo anaanza na hizo kingo na mikunjo, anazifunga zisiguswe, kijikorongo kikiwa cha kwanza. Halafu anageukia tambarare.

"Uwanja wa mpira unatoshwa na nukta nne za pembeni. Hizi elfu sabini za katikati zinapiga kelele tu."

Faili analitoa kwenye mtandao wa ofisi, analiweka ndani ya mashine yenyewe. Mlima anaugawa vipande sita, rangi na mistari ya mwinuko anavificha. Nukta zinafutika laki kwa laki, na mlima uko pale pale, bonde kwa bonde. Nimeketi kando yake nimesahau kuandika. Sikujua kitu kinaweza kupungua kiasi hicho na kisipoteze chochote.

Saa tano na nusu anaufungua upya. Sekunde kumi na moja. Zimebaki nukta laki tatu na nusu, na mlima unazunguka kwa kidole chake bila kukwama.

Mhandisi amesimama nyuma yetu na chai iliyopoa. "Ni kompyuta ile ile?"

"Ile ile, kaka. Hata vumbi sijaifuta."

Bi Mkasi anaiomba programu ionyeshe tone la maji litapita wapi. Mstari wa buluu unaanzia kileleni, unateremka, unasita, kisha unaingia ndani ya kijikorongo na kushuka nacho hadi juu kidogo ya wodi. Mhandisi anaweka alama ya mtaro hapo hapo, na saa sita kasoro mchoro uko kwa wachimbaji.

Kompyuta mpya haombi. Anachopanga ni ruhusa ya siku moja.

"Mvua kubwa ya kwanza, nitakwenda kukaa wodini kwa wifi. Nitavua viatu, niweke miguu sakafuni."

Namfikishia mkunga habari hizo, anacheka. "Aje. Ila maji yakiingia, safari hii anabeba yeye."

Namrudishia jibu Bi Mkasi.

"Nitabeba," anasema.