Madarasa Yapo, Mwalimu Hayupo

Mwezi uliopita nilikuwa Ngagara, mtaa mmoja wa jijini, katika ofisi ya kanisa moja la Kiprotestanti linalojenga shule kila mkoa. Mama mmoja aliyetoka mkoani alisimama mbele ya mchungaji anayesimamia shule hizo, akakataa kiti.

"Pasta, madarasa iko, mwalimu apana."

"Vumilia, mama. Tunatafuta."

"Mi naweza vumilia. Batoto banakomaa."

Mchungaji aliinuka, akaketi, akainuka tena, akaenda kuchungulia dirishani. Ghafla akalegeza tai.

"Basi ya kwenu inaondoka saa ngapi?"

Waliondoka pamoja, na sasa mchungaji ndiye anayefundisha kule. Kanisa linatafuta msimamizi mpya. Nasikia wanaokitaka kiti chake ni wengi; anayetaka kwenda kumsaidia kufundisha bado hajatokea.