Arusi Ndani ya Diski ya Buluu

Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, aliolewa Columbus wakati figo za mama yetu zilikuwa zimekwisha kuchoka. Ilikuwa kama mwaka 2015. Mama aliishi Buffalo, kwa kaka yangu, upande wa East Side. Leo anapelekwa kuoshwa damu, kesho anapumzika, keshokutwa anarudishwa tena. Safari ya Columbus haikuwezekana. Daktari alikataa, kaka akakataa, na mama mwenyewe, yeye aliyetutoa vitani Fizi kwa miguu huku huyo kitinda mimba akiwa mgongoni, safari hii hakubisha.

“Bon,” akaniambia kwa simu, “basi munichukuliye video. Video ya muzuri. Si ile ya telefone yenye inatetemeka-tetemeka.”

Neno hilo, video nzuri, ndilo lililotuponza.

Mpiga kamera alikuwa kijana wa kwetu, mkaaji wa Columbus, mwenye kamera mpya aliyoibeba kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Wiki kadhaa baada ya arusi alimkabidhi mdogo wangu diski moja ndani ya kasha la buluu. Blu-ray. Nilipompigia kumwomba atutolee na DVD ya kawaida, kama ya watu wote, alikasirika, ingawa bado aliniita yaya, yaani dada mkubwa.

“DVD ilishakufaka, yaya. Mimi siweki kazi yangu ndani ya maiti.”

Baada ya hapo akahamia jimbo jingine, na simu yake ikawa haipokelewi.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi Louisville, huku South End. Yeye alikuwa ghalani anapakia makontena, mimi nilikuwa chumba cha kufulia katika nyumba ya kutunza wazee. Nilipomweleza habari za diski, alicheka kwa raha, kicheko cha mtu aliyengojea siku hiyo kwa muda mrefu.

“Usiwe na wasiwasi. Nina mashine ya HD.”

Naomba nieleze mashine hiyo, maana nimekaa nayo kuliko ndugu zangu wengine. Mume wangu alikuwa na mashine ya gemu ya zamani, na kila Jumapili tukitoka kanisani wanaume wa kwaya walikuja na suti zao kucheza mpira ndani ya televisheni yangu. Mwanamume aliyekuwa ameimba besi kwa unyenyekevu mbele ya madhabahu, sasa anapiga goti kwenye kapeti langu akimlaani refa ambaye si mtu. Walikula wali wangu bila kuutazama. Wote walikuwa wamenunua mashine za aina moja ili waweze kuchezeana hata wakiwa makwao, kwa hiyo ujinga wa mmoja ulikuwa ujinga wa wote.

Siku moja mume wangu alipita duka la mitumba, akarudi na kisanduku cheupe cha kuchomeka ubavuni mwa mashine ile, pamoja na katoni ya filamu zenye makasha mekundu. Kwenye kisanduku paliandikwa HD DVD. Aliniambia picha zake ni safi mpaka unaona vinyweleo vya mtu. Jambo ambalo hakulijua, na ambalo alielezwa baadaye na mwenzake wa kazini, ni kwamba miaka ya nyuma kampuni kubwa zilikuwa zimegombana. Huku diski za buluu, huku diski nyekundu, zote duara, zote zinang’aa, na hakuna mashine ya upande mmoja iliyokubali diski ya upande wa pili. Nyekundu zilishindwa. Watu wakazitupa. Mume wangu akaziokota.

“Lakini HD ni HD,” alisema hata baada ya kuelezwa. “Kama vile petroli ni petroli.”

“Muulize yule aliyetia dizeli kwenye gari la petroli,” nikamjibu.

Hakunisikia. Wiki ya sikukuu ya shukrani, ile ya bata mzinga, mwishoni mwa Novemba, tulipata ruhusa kazini, tukapakia gari: nguo, sufuria ya maharage, na juu ya magoti yangu, kama mgonjwa, mashine ya gemu na kisanduku chake. Nilishauri tuijaribu diski kwanza. Akasema diski iko Columbus, tutaijaribu na nini? Hapo kidogo alikuwa na haki, nikazidi kuudhika.

Tulifika Columbus mchana. Mdogo wangu alitufungulia akiwa amevaa aproni, akanikumbatia, akaniomba radhi kabla sijajua kosa lenyewe ni lipi. Kosa lilikuwa kwenye kochi. Shemeji yangu, bwana arusi, alikuwa amevaa hedifoni masikioni, pedi ya kuchezea gemu mkononi, anapiga watu risasi kwenye mji uliobomoka. Alinyanyua kidevu kunisalimu. Kidevu tu.

“Shemeji, karibu, dakika moja, siwezi kusimamisha, niko na watu,” akasema.

“Watu gani? Sebuleni uko peke yako.”

“Wako Texas. Mmoja yuko Norway.”

Nilisimama mbele ya televisheni. Nikamwambia, “Sisi tulizikimbia hizi risasi usiku na mchana. Wewe umezikaribisha sebuleni, umezipa na kochi.”

Mume wangu, ambaye nilidhani ataniunga mkono, alikuwa amekwisha kukaa pembeni mwa shemeji, anauliza bunduki hiyo inapatikana ngazi ya ngapi.

Jikoni nikamwuliza mdogo wangu, “Na video ni nzuri?”

Aliosha sahani ileile mara mbili kabla ya kujibu. “Sijaiona, yaya. Hii mashine ya huyu ni kama ya kwenu. Tulitia diski ikatuambia haiijui. Nilimwomba atafute nyingine. Kila siku anasema wikendi.”

Bibi arusi hajaona arusi yake. Nilishika lile kasha la buluu nikalitia mkobani, nikamwambia mume wangu tunaondoka.

Buffalo ilikuwa na theluji tayari. Mama alikuwa amejiandaa. Alivaa kitenge cha arusi, kile tulichokata sote sare, na kilemba juu, amekaa kwenye kiti chake mbele ya televisheni ya kaka kama mtu aliyeletwa kanisani mapema. Mkono wake uliochomwa sindano ulikuwa umevimba kidogo. Nilipomsalimu alinibusu, kisha akaangalia nyuma yangu.

“Iko fasi gani?” akauliza, akitafuta mahali video ilipo.

Mume wangu alifunga nyaya zake zote kwa heshima kubwa. Akachomeka kisanduku cheupe. Akaitia diski. Kisanduku kilinguruma, kikafikiri, kikaitema. Akaifuta kwa ncha ya shati, akaitia tena. Kikaitema tena, haraka kuliko mwanzo.

“Pengine ni baridi,” akasema. “Ngoja ipate moto.”

“Ni nyekundu!” nikapiga kelele. “Mashine yako ni ya diski nyekundu, hii ni ya buluu, hata mtoto wa chekechea anaona rangi!”

Mama akauliza polepole, “Donc, arusi haimo?”

“Imo, mama. Haitoki.”

Kaka akakumbuka kwamba binti yake, mwanafunzi wa sekondari, ana mashine mpya ya gemu chumbani kwake, na hiyo inasoma diski za buluu. Tulipanda ngazi. Msichana alikuwa kitandani na wenzake wa timu wanazungumza masikioni mwake. Baba yake akamweleza. Akajibu kwa Kiingereza kwamba yuko katikati ya mechi ya ligi, kwamba akitoka sasa timu nzima inaadhibiwa, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia mapema. Nikamwambia bibi yake amevaa kilemba tangu asubuhi. Akasema, tena kwa Kiingereza, kwamba anasikitika sana. Nadhani kweli alisikitika. Lakini vidole vyake havikusimama.

Tulingoja mechi iishe. Wakashinda, na sisi tukapiga makofi, kwa sababu tulikuwa tumefikia hali hiyo. Akaishusha mashine yake mwenyewe, akaiunganisha na televisheni, akaitia diski. Kwenye kioo yakatokea maandishi: kabla ya kuonyesha diski ya aina hii, mashine inahitaji kwanza kupakua programu yake, na kabla ya programu, apdeti.

“Kupakua nini tena?” nikauliza. “Si diski iko ndani yake? Imeimeza!”

“Ndivyo ilivyo, tantine,” akaniambia mimi shangazi yake, safari hii kwa Kiswahili, labda kwa kunihurumia.

Intaneti ya nyumba ile ilikuwa dhaifu, na sikukuu hiyo nadhani East Side nzima ilikuwa inapakua kitu. Mstari wa kijani wa kuonyesha upakuaji haukusogea. Tulikula wali tukiutazama. Mama alilala kitini, kilemba kikamlalia sikioni, akapelekwa kitandani bila kuona hata keki. Asubuhi tulipoamka mashine ilikuwa imeandika kwamba kuna hitilafu, tujaribu tena.

Siku ya pili alikwenda kuoshwa damu. Siku ya tatu ilikuwa ya mapumziko yake, na jioni yake sisi tulitakiwa tuanze kurudi Louisville. Kaka na mume wangu walikuwa wamechuchumaa nyuma ya televisheni wanabishana juu ya waya. Nikaona nikikaa pale nitasema neno ambalo halirudi mdomoni. Nilichukua ufunguo wa gari, nikasema naenda Grant Street kumnunulia mama dagaa.

Duka nililoingia lilikuwa la mama mmoja wa Burundi, jembamba, lenye magunia ya unga wa muhogo, mafuta ya mawese na vitenge vilivyokunjwa mpaka darini. Juu ya friji palikuwa na televisheni inayoonyesha kwaya. Nilikuwa nimeshika dagaa mkononi, namlalamikia mwenye duka habari zote hizi bila kuombwa, ndipo macho yangu yakashuka chini ya televisheni. Palikuwa na mashine nyembamba nyeusi, na kwenye uso wake alama ileile ya kwenye kasha letu. Ya buluu.

“Mama, hii inacheza Blu-ray?”

“Mie sijui mwanangu. Mkwe wangu ndiye aliyeiweka. Mie nabonyeza tu inaimba.”

“Naweza kumleta mama yangu hapa?”

“Mlete,” akasema, akasogeza gunia kupisha kiti.

Nilirudi mbio. Sikueleza kitu. Nilimfunga mama kilemba upya, nikamvika koti, nikamwambia mpwa wangu, yule binti wa kaka, aje amshike mkono kwenye barafu. Wanaume niliwaacha na nyaya zao.

Diski iliingia. Haikutemwa. Kioo kilikuwa cheusi kwa muda hata nikaanza kutafuta mtu wa kumgombeza, kisha ukumbi wa Columbus ukajaa pale juu ya friji, maua, viti vyeupe, watu wetu wote.

“Eh, maman!” akasema mama. “Batu ni bengi!”

Picha ilikuwa safi kwelikweli, hilo siwezi kumnyima yule mpiga kamera. Mama aliona kila kitu na kila kitu alikisemea. Aliona jasho la pasta. Aliona kwamba shangazi fulani alivaa viatu vya kuazima. Aliona kwamba mdogo wangu amekonda, akauliza kama bwana anampa chakula. Wanunuzi walioingia kutafuta mchele walisimama. Mwanamke mmoja aliuliza ni arusi ya nani.

“Ni ya mutoto yangu ya mwisho,” mama akajibu. “Mukaribiye, mukaribiye.” Alikuwa amekuwa mwenyeji. Mwenye duka akafungua chupa za soda, akawagawia watu.

Ikafika pale ambapo mama wa bibi arusi hutakiwa kuingia na zawadi akicheza. Siku ile niliingia mimi badala yake, nimebeba kitenge chake kichwani, nikilia vibaya mbele ya kamera nzuri kuliko zote Ohio. Kuniona tu, mama alinyoosha mkono akachukua kitenge kimoja kwenye rafu ya duka, bila kuuliza bei wala ruhusa, akakitia kichwani. Akasimama. Miguu yake ilikuwa imevimba, lakini aliisogeza, kidogo kidogo, kati ya magunia na friji. Mwenye duka akapiga vigelegele, na wanawake wale, watu tusiowajua, wakajipanga nyuma yake wakacheza naye. Mimi nilisimama na dagaa zangu. Hasira niliyoitoa Louisville ilinitoka kwa machozi, sikuwa na njia nyingine ya kuitoa.

Mpwa wangu alikuwa ameinua simu. Alimpiga video bibi yake akicheza, ile ya kutetemeka, akamtumia shangazi yake Columbus palepale. Hata hatujamaliza soda, simu yangu ikaita.

“Yaya, nimesikia vizuri?” Mdogo wangu alikuwa anafoka. “Watu wa Grant Street, wanunuzi wa dagaa, wameona arusi yangu kabla yangu?”

“Wameiona. Wamecheza pia.”

“Na mama amesimama? Mama amecheza?”

“Amecheza.”

Kisha nikamsikia anageuka, anamwambia mtu aliye karibu naye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, azime hicho kitu na avae viatu.

Walifika Buffalo kesho yake, sisi tukiwa tumekwisha kuondoka. Kaka ndiye aliyenisimulia. Wote wawili walikuja bila hata sanduku. Shemeji alipiga magoti mbele ya mama, akasalimu kama mtu aliyelelewa. Kaka akapendekeza waende dukani waitazame video pamoja, mwenye duka amekubali. Mama alikataa. Alimkalisha mdogo wangu pembeni yake kwenye kochi, akamshika kifundo cha mkono kana kwamba anakipima, akasema, “Iyo tutaiona siku ingine. Nieleze weye. Anzia asubuhi, ulivyoamuka.”

Naye akaeleza, mpaka chakula kikapoa.